Kelele Siyo Ukocha

Juni inakaribia, na sisi wote tunajua kinachokuja. Tenti nyeupe, spika zinazokwaruza, hotuba tatu zenye maneno yale yale, alafu kombe la watoto la tarehe 20, Siku ya Wakimbizi Duniani. Jezi mpya zitagawiwa asubuhi na kukusanywa jioni. Mshindi atapewa mbuzi. Picha zitapigwa. Na pembeni ya uwanja watakaa watoto kumi, kumi na wawili, wamevaa jezi safi kabisa, hazina hata vumbi, kwa sababu hawakuingia hata dakika moja.

Hao ndio tunataka kuwaongelea leo. Kwenye ripoti wataandikwa kwamba "wamefikiwa". Sisi tunauliza: wamefikiwa na nini?

Tuseme wazi tangu mwanzo ili tusisingiziwe. Hatupingi mashindano. Tunapenda fainali kama nyinyi, tunapenda ngoma, tunapenda kubishana mpaka usiku kama lile goli lilikuwa la kuotea au hapana. Tunachopinga ni hii tabia ya kumpima kocha wa watoto kwa kombe. Aliyeshinda kombe la chini ya miaka 14 anaitwa kocha mzuri, anapewa mkataba wa miezi mitatu na fulana yenye nembo. Yule ambaye timu yake imefungwa nne, lakini watoto wote wamecheza na wote watarudi Jumanne, anaambiwa hajui kazi. Mambo yamegeuzwa juu chini. Na kwa kuwa makocha siyo wajinga, wanafanya kile kinacholipwa: wanatafuta kombe. Wanaenda kijiji cha pili kuchukua vijana wenye ndevu, wanawapa majina ya wadogo zao, na wale wadogo wenyewe wanakaa chini kushika chupa za maji.

Basi kocha mzuri tunamjuaje? Tunasema hivi: usije Jumapili ya fainali. Njoo Jumanne saa kumi jioni, siku ambayo hakuna mgeni wala kamera. Kaa kimya. Chagua mtoto mmoja, siyo yule nyota ambaye kila mtu anamjua, chagua yule mdogo kuliko wote, yule anayekimbia na ndala moja. Alafu hesabu ni mara ngapi anagusa mpira.

Hesabu hiyo haitaki digrii. Tuseme kuna watoto 24. Kocha amewapanga mstari mmoja mbele ya goli moja, mpira mmoja. Kila mtoto anapiga, mpira unaenda kwenye shamba la mahindi, mtu anaufuata, unarudi. Ikiwa kila zamu inachukua sekunde 20 tu, mtoto anasubiri dakika 8 ili aguse mpira mara moja. Kwa dakika 40 amepiga mara 5. Hizo dakika nyingine zote amesimama kwenye foleni. Jamani, sisi foleni tunazijua! Foleni ya maji, foleni ya mgao, foleni ya kuhakiki majina. Mtoto ametoroka foleni ya maji ili aje kucheza, na kocha amempa foleni nyingine.

Sasa watoto wale wale 24 wagawe wanne kwa wanne, viwanja vitatu vidogo, mawe manne kila kiwanja badala ya magoli, mipira mitatu. Kama mpira wa kweli ni mmoja, hiyo miwili mingine wanajua kuitengeneza wenyewe kwa mifuko ya plastiki na kamba, wamefanya hivyo maisha yao yote. Hapo hakuna wa kujificha. Hata yule wa ndala moja mpira utamfuata. Atapokonywa, atapokonya, itabidi ainue macho aone nani yuko wazi. Kitu ambacho foleni haiwezi kumfundisha ni hicho cha kuamua. Kupiga mpira uliosimama mbele ya goli tupu siyo mpira wa miguu.

Mtu atatuambia hiyo ni michezo ya watoto, kocha wa kweli anafundisha "mbinu". Bon. Uingereza watoto wa chini ya miaka 7 na 8 wamekuwa wakicheza watano kwa watano, miaka 9 na 10 saba kwa saba, miaka 11 na 12 tisa kwa tisa, ndipo wanafika kumi na moja. Ujerumani, nchi yenye makombe manne ya dunia, kuanzia msimu wa 2024/25 imeagiza watoto wake wadogo kabisa wacheze wawili kwa wawili au watatu kwa watatu kwenye magoli madogo, bila jedwali la ligi. Sisi huku mtoto wa miaka tisa tunamweka golini penye milingoti ya watu wazima, mpira unapita juu ya kichwa chake mita moja nzima, alafu tunamzomea.

Norway ndiyo inatufurahisha zaidi. Shirikisho la michezo la huko lina kanuni za michezo ya watoto tangu 1987. Kabla ya mwaka ambao mtoto anafikisha miaka 11, hakuna jedwali wala orodha ya nani wa kwanza nani wa mwisho. Ubingwa wa taifa haumhusu kabla ya miaka 13. Utafikiri wanalea watu walegevu. Kumbe nchi hiyo yenye watu milioni tano na kidogo ilichukua dhahabu 16 kwenye Olimpiki ya baridi ya Beijing 2022, na mpaka wakati huo hakuna nchi iliyokuwa imewahi kufikisha idadi hiyo kwenye Olimpiki ya baridi moja. Tunajua mtasema: wale wana pesa, wana theluji, wana kila kitu. Kweli wana pesa. Lakini kutoandika jedwali la watoto wa miaka tisa kunagharimu shilingi ngapi?

Kuna njia nyingine ya kumjua kocha, nayo tumeifikiria kwa sababu ya mchezo mmoja wa ajabu unaoitwa lakrosi. Wengi wenu hamjauona. Ni mchezo wa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini: unashika fimbo yenye kikapu cha wavu kichwani, mpira mdogo mgumu unaruka hewani, unaudaka kwa wavu na kuurusha kwa wavu. Uganda hii hii ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kupeleka timu kwenye mashindano ya dunia ya lakrosi, kule Denver, Marekani, mwaka 2014. Na mwaka 2028 mchezo huo utakuwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles.

Kwa nini tunautaja? Kwa sababu kwenye mpira wa miguu kocha anaweza kudanganya. Mtoto alijifunza chenga barabarani tangu ana miaka minne, alikuja akiwa tayari anajua, kocha akapiga filimbi miaka miwili akasema "huyu nimemtengeneza mimi". Kwenye lakrosi, huku kwetu, hakuna anayekuja akiwa anajua. Hakuna mtoto wa Masisi au Fizi aliyekua na ile fimbo. Kwa hiyo kila anachokijua mtoto kina mtu aliyemfundisha, na kila asichokijua pia kina mwenyewe. Wanaoujua mchezo huo wanaangalia mkono wa kushoto kwanza: mtoto amefundishwa kudaka na kurusha pande zote mbili, au anakimbilia mkono wa kulia kila mara kwa sababu kocha alitaka ushindi wa haraka? Mkono dhaifu unajengwa polepole, mtoto anarusha mpira ukutani tena na tena, anaudondosha mara mia, na siku ya mechi bado unamwangusha. Kocha mwenye njaa ya kombe atamwambia auache.

Peleka jicho hilo kwenye mpira wetu. Angalia mguu wa kushoto wa mtoto. Uliza: mwaka jana mwezi kama huu huyu alikuwa hawezi nini, na sasa anaweza nini? Kocha mzuri atakujibu kwa kila mtoto, kwa jina. "Huyu alikuwa anaogopa mpira wa kichwa. Huyu alikuwa hapitishi mpira kwa wasichana. Huyu bado, tunahangaika naye." Kocha wa kelele atakujibu kwa matokeo: tulimfunga fulani tatu, tulimfunga fulani mbili. Muulize jina la mtoto wa ishirini kwenye orodha yake. Utaona anakuna kichwa.

Tufike kwenye kelele zenyewe.

Hapa kambini tuna imani kwamba kocha mkali ndiye kocha. Akitukana, wazazi wanacheka wanasema huyu ana msimamo. Akimpiga mtoto fimbo kwa kukosa penalti, eti anamjenga awe mwanaume. Akimzungusha uwanja mara kumi jua la saa nane, na mtoto toka asubuhi hajala kitu, hiyo inaitwa nidhamu. Tusisahau hapa Uganda mgao wa WFP umepunguzwa, wengine wameondolewa kabisa mwaka 2025. Kocha ambaye hajui kama mtoto amekula au hajala, atajuaje kama amechoka au ni mvivu?

Wapo watakaosema ukali ndio umewatoa mabingwa. Tuwakumbushe Popole Misenga, ndugu yetu wa Bukavu. Alijifunza judo Kinshasa, kwenye kituo cha watoto waliohamishwa na vita. Ameshasimulia mwenyewe kwa waandishi wa habari kwamba alipopoteza pambano makocha walikuwa wanamfungia ndani siku kadhaa, anapewa kahawa na mkate tu. Mwaka 2013 alipelekwa Rio de Janeiro kwenye mashindano ya dunia, yeye na Yolande Mabika, naye wa Bukavu. Wakakimbia hotelini, wakabaki Brazil bila kitu. Baadaye walifika kwa kocha Geraldo Bernardes, mzee aliyefundisha judo ya Brazil kwenye Olimpiki kadhaa. Na kazi ya kwanza ya mzee huyo haikuwa kuwaongezea ukali. Walikuwa nao wa kutosha, walikuwa wanamvamia kila mwenzao wa mazoezi kama adui. Ilibidi wajifunze kwanza kwamba mwenzako wa mazoezi ni mtu wa kukusaidia, siyo wa kuvunja. Mwaka 2016 wote wawili wakaingia kwenye timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki, watu kumi tu dunia nzima, na Popole akashinda pambano lake la kwanza. Pambano la pili alikutana na bingwa wa dunia, Mkorea Gwak Dong-han, akashindwa. Hakufungiwa chumbani na mtu.

Basi ukija Jumanne sikiliza sekunde tano baada ya kosa. Hiyo kwetu ndiyo kipimo kikubwa kuliko vyote. Mtoto amepoteza mpira: kocha anasema nini? Kama anapiga kelele "wewe! wewe! nimekuambiaje!", hajafundisha kitu, mtoto anajua tayari kwamba amepoteza mpira, alikuwepo. Kama anakaa kimya kidogo, anaacha mchezo uendelee, alafu anamwita pembeni anamuuliza "uliona nani yuko wazi?", huyo anafundisha. Na uangalie watoto wenyewe. Wakikosea wanamtazama nani? Timu ambayo kila mtoto akikosea anageuza uso haraka kumtazama kocha, hao watoto wanacheza kwa woga. Mwenye woga hajaribu chenga. Asiyejaribu chenga akiwa na miaka kumi, hatajaribu akiwa na ishirini.

Jambo la umri sasa, na hapa tunaomba wafanyakazi wa mashirika watusikilize vizuri. Wengi wetu kwenye karatasi tumezaliwa tarehe 1 Januari. Mnajua kwa nini. Mama alifika mpakani usiku, karani akauliza tarehe, mama akasema mwaka wa mvua kubwa, karani akaandika 1 Januari na mwaka wa kukisia. Mtoto mmoja ameongezewa miaka miwili, mwingine amepunguziwa mitatu. Alafu mnatuletea mashindano ya "chini ya 14" na mnataka karatasi hiyo iamue.

Hata kwenye nchi ambazo karatasi ni za kweli, umri unadanganya. Miaka ya 1980 watafiti wa Canada waliangalia hoki ya barafu, wakaona waliochaguliwa kwenye timu kubwa za vijana wengi walizaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka. Siyo kwamba Januari inazaa wenye vipaji. Ni kwamba mtoto wa Januari anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima, ana miguu mirefu, kocha anamwona "ana kipaji", anampa dakika nyingi, na zile dakika nyingi ndizo zinamfanya awe mzuri kweli. Wa Desemba anakata tamaa anaacha. Kama miezi kumi na moja inafanya hivyo, miaka mitatu ya kukisia inafanya nini?

Na msifikiri yule mkubwa anafaidi. Yeye anaharibiwa kwa namna yake. Kwa sababu ana nguvu, kocha anamwambia kitu kimoja tu: piga mbele, kimbia. Anafunga magoli sita. Hajifunzi kudhibiti mpira kwa sababu hajawahi kuuhitaji udhibiti. Akifika miaka 16, 17, wenzake nao wamekua, wamemfikia kimo, na sasa hana kitu. Tunawajua wengi wa namna hiyo, wako kwenye vibanda vya simu wanasimulia walivyokuwa zamani. Kocha mzuri angemweka huyo acheze na waliomzidi, au angemwambia: leo mguu wa kulia ni marufuku. Na wa Desemba angemvumilia.

Wasichana hatutawaongelea kwa mistari miwili ya heshima kama ripoti zinavyofanya. Mazoezi yanawekwa saa kumi jioni. Saa kumi jioni ndiyo saa ya bomba. Nani anatumwa maji? Alafu mtu anaandika kwamba "mwitikio wa wasichana ni mdogo kutokana na mila". Mila gani? Jerikani! Kuna dada mmoja anafundisha upande wetu, hatumtaji kwa sababu hajatuomba, yeye alienda kwa wamama nyumba kwa nyumba akauliza saa gani binti anaweza kutoka. Wakamwambia Jumamosi asubuhi, na katikati ya wiki siku mbili mara tu baada ya shule. Akabadilisha. Anawaacha waje na jerikani zao, wanazipanga pembeni ya uwanja ndiyo milingoti, wakimaliza wanapita bombani pamoja, kundi zima, giza halijaingia. Hajawahi kushinda kombe hata moja. Kwa vipimo vyenu huyo hayupo.

Na kuna hili ambalo watu wanalisema kwa kunong'ona. Kocha ana nguvu juu ya mtoto: anagawa viatu, anagawa nafasi, anagawa ndoto. Kocha anayemwambia binti abaki peke yake baada ya wenzake kuondoka, anayemtumia ujumbe usiku, anayempa pesa na kumwambia asiseme nyumbani, huyo hata akishinda makombe kumi si kocha. Vivyo hivyo kwa wavulana, tusijidanganye. Kocha mzuri anajiwekea mipaka mwenyewe kabla hajaambiwa: mazoezi mahali pa wazi, wazazi wanamjua, wanaruhusiwa kukaa na kutazama siku yoyote, na kuna mtu mzima mwingine karibu. Kocha anayekasirika mzazi akija kutazama mazoezi, jiulizeni anaficha nini.

Tena kuna wale wa "nitampeleka Ulaya". Wanakuja na kofia na simu kubwa, wanamsifu mtoto wa miaka 15 mbele ya baba yake, wanasema kuna klabu Ubelgiji, inahitajika tu pesa kidogo ya pasipoti na majaribio. Papa anauza mbuzi, mama anakopa kwenye kikundi cha akiba. Wadogo zetu, shikeni hili: kanuni ya 19 ya FIFA ya uhamisho wa wachezaji inakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa, kama wazazi wenyewe kuhama kwa mambo yasiyohusu mpira, au mtoto kukimbia nchi yake kwa kuhofia maisha yake. "Meneja ameona kipaji chako" haimo. Anayekuomba pesa ili uchezee klabu amekuja kuchukua pesa. Na kocha anayemkaribisha mtu huyo kwenye mazoezi kwa kugawiwa asilimia, ni mwenzake.

Watatutajia Alphonso Davies. Sawa, tumtaje. Alizaliwa mwaka 2000 kwenye kambi ya Buduburam, Ghana, wazazi wake wakimbizi wa Liberia. Alikuwa na miaka mitano familia ilipohamishiwa Canada. Wazazi walihama na watoto wao kama familia, hakuuzwa na mtu. Huko Edmonton alicheza kwenye ligi ya bure ya baada ya shule, iitwayo Free Footie, iliyoanzishwa kwa watoto ambao wazazi wao hawawezi kulipa ada, viatu wala usafiri. Miaka ya baadaye, 2020, akachukua Ligi ya Mabingwa na Bayern München. Watu wanaruka moja kwa moja kwenye kombe la Bayern. Sisi tunataka mtazame ile ligi ya bure: mtu alikaa akafikiri kwamba kinachomzuia mtoto kucheza ni nauli na viatu, akaviondoa. Wengi wa waliocheza ligi hiyo hawakuwa Davies, na ligi haikuwa imepotea bure kwa sababu hiyo.

Makocha wetu watakasirika. Watasema: nyinyi ni nani, mna leseni gani? Wengi wao hawana pia, na siyo kosa lao, kozi ya leseni ya CAF inataka ada, usafiri, siku za kulala mjini, na mtu ambaye analima kwa kibarua hawezi. Tunajua kocha naye ni mkimbizi. Anaacha shamba lake saa kumi, anakuja na njaa yake, analipwa "asante" na soda. Ndiyo maana tunaelekeza lawama kubwa zaidi juu, kwa wanaoweka vipimo. Shirika likiweka mbuzi kwa mshindi na sifuri kwa aliyefundisha, limechagua. Mkataba wa miezi mitatu nao ni uchaguzi, maana hakuna mtoto anayekomaa kwa miezi mitatu. Kocha anaanza kuwajua majina, mradi umeisha, koni zinarudishwa stoo, mwakani anakuja mwingine na fulana ya rangi nyingine.

Tunachodai siyo kikubwa. Kila timu ya watoto inayoingia kombe la Juni, kila mtoto aliyeandikwa acheze angalau nusu ya mchezo, na refa asimamie hilo kama anavyosimamia mpira wa mkono. Chini ya miaka 12 wasicheze kumi na moja kwa kumi na moja, na wasipangiwe jedwali. Fedha ya mbuzi inunue mipira, igawiwe sawa kwa timu zote siku ya kwanza, siyo ya mwisho. Makocha wawili au watatu wa kila zoni, mmoja wao mwanamke, walipiwe kozi, na wachaguliwe kwa kutazamwa mazoezini, siyo kwa nani anaongea Kiingereza vizuri mbele ya mgeni. Na kwenye ripoti, pale penye "watoto waliofikiwa", ongezeni mstari mmoja: wangapi kati ya walioanza Januari bado wako mwezi wa kumi na mbili, na walioacha waliacha kwa nini. Mkishaanza kuulizia hao walioacha, mtajua makocha wote wa kambi hii bila kuuliza mtu.

Kabla ya tarehe 20, kila shirika limtume mtu mmoja Jumanne mbili mfululizo. Bila kamera, bila gari kusogezwa mpaka katikati ya uwanja. Asitangaze anakuja. Aje na kalamu na karatasi, achague mtoto mmoja wa mwisho kabisa, ahesabu. Upande wa goli la juu kuna mti, kivuli kinafika mpaka saa kumi na moja.